Kijana Alipigwa na Joto Elegu: Maji ya Kumwagia Kwanza, Karkade Baadaye

Ninaandika haya kwa madereva na mataniboi (wasaidizi wao wa lori) wanaopeleka mizigo Juba, na kwa akina mama wanaouza chai katika yadi za mpakani, maana mara nyingi ninyi ndio mnaokuwa karibu mtu anapoanguka. Mitishamba nitaizungumzia, najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Ila ina saa yake, na saa hiyo siyo ile ambayo mtu yuko chini anatapatapa.

Asiyeijua Elegu ajue hivi: ukitoka Kampala unapita Luweero, Karuma, Gulu na Atiak, halafu barabara inashuka kuelekea bonde la Nile mpaka mpakani. Ng'ambo ni Nimule, Sudan Kusini, na Juba iko kama kilomita 190 mbele. Kuanzia Desemba hadi Machi mvua inakuwa haba sana na upepo wenyewe ni wa moto. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena, wanafunzi walikuwa wanazirai Juba. Joto hilo halisimami Nimule kugongewa pasipoti.

Mimi ni dereva, na taniboi niliyepewa safari ile ya Elegu alikuwa mtoto wa Kabale. Kabale iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi watu wanavaa sweta. Hakuwahi kuvuka Karuma maishani mwake. Daktari alinieleza baadaye kwamba mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto: unajifunza kutoa jasho mapema zaidi, kulitoa kwa wingi, na kubakiza chumvi yake. Mwili wa kijana huyu haukuwa umepata hata nafasi ya kuanza.

Tena alikuwa ameuongezea mzigo. Usiku hakulala, alikuwa anatafuna mairungi (miraa) na wenzake ili alinde matairi. Mairungi yanapandisha joto la mwili, na mtu anaweza kukauka bila kujua. Asubuhi akanywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu badala ya chai. Maji hakuyataka kabisa, na sababu yake mtu wa ofisini hawezi kuiwaza: choo cha yadi ni cha kulipia na kiko mbali na foleni. Mataniboi wengi wanajinyima maji ili wasiende chooni. Ukiwa dereva, mlipie kijana hela ya choo. Ni shilingi chache, na zingetuokolea malaki.

Dalili zilikuja kwa mpangilio, na mpangilio huo sasa ninamweleza kila kijana mpya. Kwanza kichwa, akakifunga kitambaa. Halafu akanyamaza, na huyu ni mtu ambaye kwa kawaida hakuachii nafasi ya kusema. Kuelekea adhuhuri mashavu ya miguu yakaanza kumkaza, akawa anakunja uso kila akipanda ngazi ya trela. Akatapika kando ya gurudumu. Fulana ilikuwa imegandana na mgongo kwa jasho.

Hapo alikuwa bado amechoshwa na joto tu. Mwili umepoteza maji na chumvi, mtu analegea, anasikia kizunguzungu, lakini akili yake ipo: ukimuuliza anajibu sawasawa. Mtu wa hatua hiyo unamtoa juani, unamvua viatu, unamlaza na kumwinulia miguu kidogo, unamlowesha na kumpa maji yenye chumvi na sukari kwa mafunda madogo. Katika nusu saa hivi unamwona anarudi. Nilimwita ashuke. Akasema turubai limelegea, kamba mbili tu atamaliza. Tulikuwa tumebeba saruji na hakutaka lawama ikipata unyevu, ingawa wingu hata moja halikuwepo.

Aliposhuka akanitukana. Alinitukana tusi la mama, kijana anayenipa maji ya kunawa kwa mikono miwili na kuniita mzee. Madereva wakacheka wakasema amelewa. Kisha akaanza kuniita kwa jina ambalo silijui (baadaye nilikuja kujua ni la kaka yake), akaelekea kwenye lori la watu wengine, akajaribu kufungua mlango wake. Alikuwa anayumba. Nikamshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa moto kupita homa yoyote niliyowahi kuigusa. Kabla sijamfikisha kivulini miguu ikakatika, akaanguka, mwili ukatetemeka wote.

Kama mtasahau kila kitu hapa, shikeni jambo la akili. Kichwa, kizunguzungu, kutapika, vyote vinaweza kuwa vya uchovu. Lakini mtu aliyekuwa kwenye joto akianza kuropoka, kugomba bila sababu, kuyumba, kusahau aliko au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto mpaka ithibitike vinginevyo. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuumia. Muulize jina lake, yuko mji gani, wewe ni nani. Muulize kwa lugha ya kwao, maana mtu mwenye lugha nyingi akichanganyikiwa Kiswahili kinaweza kutangulia kumtoka.

Halafu kuna habari ya ngozi kavu. Watu wazima kabisa, wenye uzoefu wa barabara, walisimama pale wakasema hili haliwezi kuwa jua, tazama anatoka jasho. Ngozi kavu huonekana zaidi kwa wazee na wagonjwa waliokaa siku kadhaa ndani ya nyumba yenye joto. Mtu aliyepigwa na joto akiwa kazini, mpagazi, mkulima, askari, mchezaji, anaweza kuwa amelowa jasho chepechepe na bado ubongo unaungua. Usingoje ngozi ikauke.

Sasa sikieni jinsi umati unavyotibu. Mmoja alisema kifafa, akaleta kijiko amtie katikati ya meno. Mwingine alisema malaria imepanda kichwani, akaleta vidonge vya parasetamo. Wa tatu akaja na blanketi kwa sababu mgonjwa anatetemeka. Na mama mmoja muuza mboga, kwa moyo safi kabisa, alikwisha kuponda mululuza, yale majani machungu ya dawa, ndani ya kikombe, akawa anaomba ashikwe taya amimine.

Aliyetuokoa ni Hajati wa chai, Mnubi wa makamo anayejulikana na kila dereva wa njia ile. Aliwasukuma watu kwa kiwiko, akachungulia uso wa kijana, akamuuliza jina. Kijana akatoa sauti isiyo neno. Hajati akamgeukia mama wa mululuza: "Mwanangu, jina lake lenyewe halijui, kumeza atakujulia wapi?" Akakipokea kikombe kwa adabu, akakiweka chini. Kisha akaanza kupiga kelele za jerikeni.

Nilimwuliza daktari kuhusu kile kikombe. Akasema mtu asiye na fahamu kamili ukimmiminia kitu, hata maji safi, kinaweza kwenda kwenye mapafu, na hapo umemwongezea ugonjwa wa pili. Kipimo ninachokitumia tangu siku ile ni hiki: anayeweza kuketi, kushika kikombe kwa mkono wake na kunywa mwenyewe, mpe. Asiyeweza, usimpe kitu, si chai, si soda, si mti wowote uliopondwa. Na kijiko mdomoni, hapana. Mgeuze ubavu, ondoa vitu vya karibu vinavyoweza kumuumiza, mwache mtetemo upite.

Tulimhamishia chini ya mwarobaini uliokuwa pembeni ya uzio. Watu walitaka kumlaza chini ya trela kwa kuwa ndiyo karibu, lakini chini ya trela lililotoka safari kuna joto la injini, ekseli na lami. Tukamvua nguo akabaki na kaptura. Hajati akaanza kumwagia maji kuanzia kichwani hadi miguuni, vijana wakampepea kwa maboksi ya kadibodi. Maji peke yake bila upepo yanafanya kazi nusu. Kinachoondoa joto ni yale maji kukauka juu ya ngozi, ndiyo maana unamwagia, unapepea, unamwagia tena bila kupumzika. Kitambaa kibichi cha kuweka kwenye paji la uso, kile cha mama zetu, ni kidogo mno kwa jambo hili.

Katika foleni alikuwepo dereva aliyewahi kuwa mwanajeshi, katumikia Somalia na kikosi cha Uganda. Alikuja mbio na kipande cha turubai akapaza sauti ya kijeshi: "Kamata pembe!" Tukamlaza kijana katikati, watu wakanyanyua kingo pande zote hadi likawa beseni, jerikeni zikamiminwa humo, na muuza soda akatoa barafu yake yote. Mmoja kazi yake ilikuwa kushika kichwa kisiingie majini. Wengine wakawa wanayayumbisha maji taratibu yampite mwilini. Nilidhani ni ubunifu wake. Kumbe ni njia inayofundishwa rasmi kwa wanariadha na askari mahali pasipo na pipa la maji baridi, kwa sababu kuzamishwa kwenye maji baridi ndiko kunakoshusha joto haraka kuliko kitu kingine chochote. Kila lori lina turubai! Miaka yote tumelala juu ya dawa hatujui. Kama barafu ni kidogo, iweke kwapani, shingoni na kwenye kinena, mishipa mikubwa inapita hapo.

Dereva yule alisema neno ambalo hospitali walilirudia vilevile: poza kwanza, safirisha baadaye. Lengo ni joto lishuke chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa, kwa sababu kila dakika ubongo, ini na figo vinazidi kupikika. Ukimtupa mtu kama alivyo nyuma ya gari la moto ukakimbia naye kilomita mia hadi Gulu, unafika na aliyekwisha kuharibika. Huku mnapoza, mwingine atafute gari. Ndivyo tulivyofanya, mwenye gari dogo akadai 150,000 na hatukubishana.

Kijana alifungua macho, akataja jina lake. La kwake safari hii. Akaanza kutetemeka kwa baridi, tukamtoa kwenye maji, tukaondoka naye madirisha wazi, mimi nikiendelea kumlowesha kwa chupa njia nzima.

Tulisimama kwenye kliniki moja ya njiani ambayo sitaitaja. Aliyekuwa zamu alimtazama kwa mbali, akasema malaria kali, akaanza kuandaa sindano bila kumtoboa kidole. Simlaumu sana, Uganda yetu kila mwenye moto mwilini ni malaria hadi atakapojitetea. Na kweli malaria kali nayo inaleta mtetemo, kuropoka na kuzimia, tena mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili siku hiyohiyo. Ndiyo sababu ya kudai kipimo cha haraka, kile cha tone la damu. Tulidai. Hakikuonyesha malaria. Kipimajoto cha kwapani kilisoma 39 na pointi kidogo, baada ya kazi yote ile ya turubai, na cha kwapani husoma chini kuliko joto la ndani. Wakamwekea dripu tukaendelea.

Gulu ndipo nilipoelezwa kwa nini parasetamo haikuwa na kazi. Kwenye malaria au maambukizi mengine, ubongo wenyewe ndio umeamua kupandisha joto, na kidonge kinaushawishi ubadili uamuzi. Aliyepigwa na joto ubongo wake haujaamua lolote, mwili umezidiwa tu, kwa hiyo kidonge hakina pa kushika. Kinabaki kulichosha ini, nalo tayari limeumizwa na joto. Aspirini ni mbaya zaidi kwa sababu damu ya mtu huyo inaweza kuwa imeanza kupoteza uwezo wa kuganda.

Kesho yake kijana alikuwa anazungumza vizuri na alitaka kuondoka. Mkojo wake ulitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Misuli iliyopikwa na joto inapasuka, takataka zake zinaingia kwenye damu na kuziba figo. Vipimo vya figo na ini tulivifanya kwenye maabara ya nje, vikarudiwa mara kwa mara, na hapo ndipo fedha ilipokwenda: maabara, maji ya dripu, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza, siku za gari kusimama. Ilipita laki nane, na hakuhitaji mashine ya kusafisha damu. Namshukuru Mungu kwa hilo, sijui tungeipata wapi. Kwa hiyo mgonjwa akiamka na kukuambia amepona, mpeleke tu, hata kama anakucheka. Ini linaweza kuchelewa siku moja mbili kuonyesha kwamba limeumia.

Mama yake alifika kutoka Kabale kwa mabasi mawili, na chupa ya plastiki kubwa ya maji ya omubirizi, ndiyo mululuza ya Waganda. Hapa ndipo mvutano wa kweli ulipotokea. Yule mama amelea watoto wake wote kwa majani yale, na sasa anaambiwa na kijana wa koti jeupe kwamba asimpe mwanawe. Alitaka kumnywesha usiku manesi wakilala, aliniambia mwenyewe.

Daktari yule nampa heshima. Hakumdharau mama. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akamuuliza majani ni yapi, anayachemsha au anayaponda, anampa kiasi gani. Kisha akamwambia kwamba ini na figo ndivyo vinavyopokea na kutoa kila dawa, ya duka na ya shambani, na vya mwanawe vimechoka. Akingoja vipimo virudi sawa ataruhusiwa kufanya anavyojua. Mama akakaza uso, akakaa kimya muda, akauliza: "Na uji?" Uji akaruhusiwa. Chupa akaiweka chini ya kitanda ikakaa hapo mpaka ikachacha.

Ninalisimulia hili kwa kuwa watu wengi huwaficha madaktari mitishamba yao, wakiogopa kufokewa. Sema tu. Uganda ina sheria ya tiba asili tangu 2019, na serikali ina taasisi yake Wandegeya, Kampala, inayochunguza dawa za miti tangu miaka ya sitini. Dawa ya mti si jambo la kuona haya. Mnakumbuka 2021 tulivyopanga foleni kutafuta Covidex, ile dawa ya miti ya wakati wa korona. Hata ile, mamlaka ya dawa iliikubali kama ya kusaidia matibabu, haikusema inatibu ugonjwa wenyewe. Neno "kusaidia" ndilo ninaloliona linafaa hata kwenye joto.

Basi, mitishamba. Nitasema ninayoitumia na ninayoiepuka.

Karkade, yale maua mekundu makavu yanayochemshwa kama chai, ndiyo ya kwanza, na siyo kwa sababu mimi ni wa Bombo, mji wa Wanubi, na nimekua nayo. Hajati wa chai anachemsha lita moja ya maji, anatia konzi moja ya karkade kavu, anafunika, anaacha ipoe, anachuja, anatia sukari kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Uchachu wake unavuta mate, mtu anakunywa bila kusukumwa, na hiyo ndiyo siri yake yote: inakufanya unywe maji. Isipokuwa karkade inashusha presha. Dereva wa umri wangu anayemeza vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, asiibugie siku nzima kwenye jua. Na wajawazito wasiizidishe.

Ukwaju unapatikana tele kaskazini, miti yake iko hata kando ya barabara. Loweka usiku, kamua asubuhi, chuja, ongeza maji mengi. Ukiukoleza sana utaharisha, na kuharisha siku ya joto ni kurudi nyuma hatua mbili. Choroko nilijifunza kwa Wachina wa barabara: kwao msimu wa joto wanachemsha choroko, wanakunywa maji yake yakipoa. Niliwacheka, kisha nikaonja. Yanashuka vizuri, na choroko zenyewe unakula jioni. Mchaichai na nanaa nazipenda, ila msidanganyike, ubaridi wa nanaa uko mdomoni tu, kipimajoto hakiujui.

Mshubiri upake kwenye ngozi iliyobabuliwa na jua, ile ute nyeupe ya ndani. Kuunywa usithubutu wakati wa joto, maji yake ya njano yanaendesha tumbo vibaya. Mululuza niiache kwa siku nyingine na magonjwa mengine. Mwarobaini nao watu wa kaskazini wanauchemshia kila kitu. Mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga, kwa hiyo mtoto usimpe. Mimi nautumia kwa kivuli.

Na hakuna kati ya hivyo kinachoshinda maji ya chumvi na sukari kwa mtu aliyekwisha kupoteza jasho jingi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa siyo kurundikwa. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu. Pakiti za duka la dawa ni bei ndogo, zinakaa kwenye droo ya kabini mwaka mzima.

Waislamu wenzangu tunaokuwa njiani Ramadhani ikiangukia miezi hii: msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Aliyeanza kutapika juu ya trela saa nane mchana hana wa kumuonyesha ushujaa. Ukifunga, basi kazi ya kamba na matairi ifanywe alfajiri au baada ya magharibi, na taniboi Mkristo asifanyishwe kazi ya saumu yako.

Kabini nayo. Injini ikizimwa na vioo vikafungwa, ndani mnazidi joto la nje katika dakika chache. Watoto wa wauza chai wanapenda kucheza humo. Watoeni.

Kijana alirudi Kabale na maagizo ya kukaa mbali na jua kali na kazi nzito kwa wiki kadhaa, kisha arudi kidogo kidogo, maana aliyepigwa mara moja hupigwa tena kwa urahisi zaidi kwa muda fulani. Anataka kurudi njia ya Juba. Nimemwambia tutaenda pamoja mvua zikishika, mwezi wa tano, siyo kabla.

Tajiri wetu, mwenye lori, alilipa sehemu ya gharama, akasema kilichobaki ni uzembe wa kijana mwenyewe na mairungi yake. Madereva tulichanga iliyosalia, Hajati akatoa pesa ya maji na barafu akakataa kurudishiwa. Lakini Uganda ina sheria ya fidia kwa mfanyakazi anayeumia kazini, na kijana alikuwa kazini, juu ya saruji ya tajiri. Tumekwenda kwa afisa kazi wa wilaya. Ametaka barua ya daktari, risiti zote, na mtu aliyeshuhudia kwamba alitumwa kufunga turubai. Risiti nimezitia kwenye bahasha moja, na shahidi ni mimi.